Damaris Mwaringa na Mahindi ya Kamba Nyekundu

Kama Damaris mwenyewe ndiye angekuwa anausoma wasifu huu, angekuwa ameshaumaliza na kutuuliza mbona bado tumekaa. Mimi ni Kiponda, mdogo wake anayemfuata. Familia imeniomba nisome taratibu, nami nitajaribu, ingawa tangu asubuhi miguu yangu haitulii na sijui niiweke wapi.

Marehemu Damaris alizaliwa tarehe 9 Machi 1983 hapa Ganze, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mwaringa na mama yetu, Janet. Mama anasema alipoanza kutembea tu, hapakuwa tena na mtu nyumbani aliyejua yuko wapi. Kanisani alikalishwa katikati ya mama na shangazi Idah, dada yake baba, kila mmoja akimshika mkono. Ibada ikiisha, waliotoka wamechoka ni wale wawili.

Alianza shule ya msingi hapa Ganze mwaka 1990, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1998. Baba alichoma makaa kumlipia karo. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba mtoto ana akili lakini hatulii. Baba akaisoma, akasema, "Heri huyu kuliko anayetulia hana akili." Kutoka hapo alijiunga na chuo cha kilimo, akahitimu stashahada mwaka 2005, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika duka la pembejeo mjini Kilifi.

Katika duka hilo kulikuwa na jokofu la chanjo za kuku ambalo liliharibika kila mara. Fundi aliyeitwa kulitengeneza alikuwa Mangi, kijana wa Kibarani. Damaris alimsimamia begani tangu skrubu ya kwanza, akimuuliza hiki ni nini na kile ni cha nini, hadi Mangi akamwambia, "Dada, ama uketi ama ushike bisibisi." Akashika bisibisi. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2008 na Mungu akawajalia watoto wawili, Purity na Kahonzi. Mangi ametuomba tuseme kwamba katika ndoa yao hawakuwahi kunywa chai yote wakiwa wameketi pamoja, na kwamba hana malalamiko.

Baba yetu alifariki mwaka 2017, mwaka ule ambao viwavijeshi vilivamia mahindi yetu kwa mara ya kwanza. Desturi ya nyumba hii mnaijua: msiba ukiwapo, jembe haliingii shambani, wala bomba la dawa. Tukaketi kwenye matanga tukiangalia mahindi yakiliwa. Siku moja Damaris akatoweka katikati ya kina mama waliokuwa wakiomboleza. Tulimkuta amechuchumaa shambani, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anatazama kiwavi kilichokufa. Kilikuwa kimekauka kikawa kigumu, na juu yake kimeota unga wa kijani. Shangazi Idah akamkemea, "Babako hajapoa kaburini, wewe wacheza na wadudu!" Damaris akajibu, "Shangazi, hiki hakikuuawa na mtu. Kimeuawa na kuvu. Na kama tungepiga dawa, nisingekiona."

Alikifunga kiwavi kile kwenye leso na kurudi nacho Kilifi. Duka akaliacha mwaka 2019. Alikuwa amechoka, alisema, kuwauzia kina mama sumu kali kisha kuwaona wakirudi wanakohoa. Alifungua kampuni ndogo ya vyumba viwili Kibarani pamoja na Bi. Raiya Nasor wa Malindi, ambaye ukoo wake ni wafanyabiashara wa nafaka. Kuvu ile ilioteshwa juu ya wali. Mchele unachemshwa, unatiwa kwenye mifuko, unawekewa mbegu ya kuvu, unaachwa mpaka uote kijani, kisha unga huo unachanganywa na maji na kupigwa kwenye mahindi. Mamake Raiya, Bi. Tima, alipokwenda kuwatembelea alishika kifua: "Mchele mzima huu, wa watu kula, mwauozesha makusudi?" Lakini mchele hakuacha kuwapelekea.

Dawa ilifanya kazi. Sisi tuliiona ikifanya kazi. Ila kuona kwetu si ushahidi, na bila ushahidi serikali haitoi kibali cha kuuza. Kampuni changa ya watu wawili itautoa wapi ushahidi wa kitaalamu? Ndipo mwaka 2023 wakapokewa katika mpango unaosaidia kampuni kama hizo kuthibitisha dawa zao za kibayolojia. Mpango uliwapa maabara, ukawapa mtaalamu, Bi. Cynthia, ambaye tuko naye hapa, na ukagharimia majaribio ya shambani. Damaris akachagua shamba hili la baba.

Cynthia alikuja kabla ya mvua za mwaka jana, akaligawa shamba vitalu kwa kamba. Vya kamba nyeupe vinapigwa dawa. Vya kamba nyekundu havipigwi kitu, viliwe kadiri vitakavyoliwa, ili wakati wa kuvuna ipimwe tofauti. Sote tuliitikia kwa kichwa. Mahindi yakavunwa, yakapimwa, na tofauti haikuwapo. Nyeupe sawa na nyekundu.

Sijawahi kumwona dada yangu vile. Aliamini kuvu yake imekufa. Alimwaga mifuko yote, akaanza upya, hali, halali, anazunguka vyumba viwili vile mpaka Raiya akamfungia mlango nje ili apumzike. Kisha mwezi wa Septemba tukiwa kwenye chakula hapa nyumbani, shangazi Idah akasema kwa furaha, "Lakini mwanangu, mimi si nilikusaidia? Yale ya kamba nyekundu yalinitia huruma. Mahindi ya mtoto wetu yaliwe na mimi nipo? Nikachukua bomba na dawa yako iliyobaki, nikayapiga yote."

Damaris alisimama, akatoka, akaenda mpaka barabarani. Tulimwona akirudi polepole. Alipofika mlangoni akasema, "Shikamoo, shangazi," kana kwamba ndiyo kwanza anafika siku hiyo. Akakaa akamaliza chakula. Hakumgombeza kamwe, na mimi niliyetaka kugombeza alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mpango uliridhia kurudia jaribio mvua za mwaka huu. Mara moja tu, baada ya hapo nafasi inakwenda kwa kampuni nyingine. Lakini Januari 2025 madaktari waligundua kwamba moyo wa Damaris ulikuwa umechoka. Walimwandikia kulala. Kumwambia Damaris alale! Inaniuma kusema, lakini niliwahi kumkasirikia kwa kutowatii, na hata leo bado nimemkasirikia. Mwezi wa Mei aliletwa hapa ameegemea bega la Mangi, akatembea kitalu baada ya kitalu, akafurahi kuona ya kamba nyekundu yanavyoliwa. Ndiyo mara ya mwisho kuyaona mahindi haya. Alifariki alfajiri ya Jumatano tarehe 4 Juni 2025, hospitalini Kilifi. Jioni ya kuamkia siku hiyo alimuuliza Mangi, "Kamba nyekundu zingalipo?" Mangi akamwambia zipo.

Zipo, ndugu zangu. Mmezipita mlipokuwa mkiingia. Mmeyaona yale mahindi yaliyotobolewa mpaka yanatia aibu, mbele ya nyumba yenye msiba, na najua wengi wenu mnasubiri matanga yaishe mtufanyie hisani. Tafadhali msitufanyie. Yatapimwa Agosti. Yaacheni yaliwe.

Na atakayeshindwa kujizuia atakutana na shangazi Idah. Tangu habari ya kifo ifike, hajaketi na kina mama wenzake. Amekaa kwenye kigoda chake pale kwenye kamba, fimbo mkononi, anamlilia Damaris na kufukuza watu. Jana alimfukuza mchungaji. Nilimpelekea uji, nikamwomba aje ndani. Akaniambia, "Niache, Kiponda. Mwaka huu hayapigwi."

Marehemu ameacha mume, Mangi, watoto, Purity na Kahonzi, mama, Janet, ndugu na dada tulio hapa, shangazi yake, Idah, mwenzake wa kazi, Raiya, na vitalu vya mahindi ambavyo havijavunwa.

Dada, kazi yako ina mlinzi. Mungu akupe sasa pumziko ambalo sisi sote tulikubembeleza ukakataa. Keti, Damaris. Keti.