Lori la Kumhamisha Abdirizak

Kijiwe chetu kiko Masimba, upande wa chini wa barabara, kati ya duka la mbolea na kibanda cha fundi viatu. Ni ubao mrefu juu ya matofali, na ukuta wa duka ndio wa kuegemea. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia migomba, Abdirizak huwa ameshawasha makaa na kuteleka birika la kahawa. Mimi hukaanga mandazi hapo kando, na binti yangu Ashley hucheza juu ya leso nyuma yangu. Wateja wasiokosa ni watatu. Kuna Mzee Abner, tunayemwita Breki kwa sababu aliendesha lori la majani chai kule Gesima hadi magoti yake yakakataa. Kuna Bosire, tunayemwita Diwani kwa sababu aliwahi kugombea kiti akashindwa, na mpaka leo husalimia watu kwa mikono miwili. Na kuna Haron, ambaye jina lake ni Nabii, maana kila kibaya hukiona mapema. Nabii ni Msabato na kahawa haionji, kwa hivyo Abdirizak huja na themosi ya pili, ya tangawizi, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Abdirizak alizaliwa nyuma ya maduka haya haya. Baba yake alikuja kununua ngozi, akabaki. Kikisii anakiongea kushinda vijana wa siku hizi. Kisomali chake, mkewe Kinsi humcheka. Garissa amefika mara moja tu, siku ya kuoa. Sasa mama yake Kinsi, aliye huko Garissa, macho yamekwisha na hana mtu wa kukaa naye. Wao ndio wanaohamia huko, na vitu vyote. Mpangaji mwingine anaingia katika nyumba yao Jumapili. Asubuhi hiyo Abdirizak alikuwa amejipa mpaka saa sita awe amechagua kampuni ya kuwahamisha, na akafanya kosa la kuuliza kijiwe.

– Tusomee tena hizo kampuni, alisema Diwani. Polepole. Sio mbio kama mtu wa redio.

Abdirizak akatoa simu.

– Ya kwanza ni ya Nairobi. Inaitwa Hama Salama. Wana lori la kufungwa pande zote, wanafunga vyombo na karatasi, na wana bima.

– Bima ya nini?

– Kitu kikivunjika wanalipa.

– Kwa hivyo wanajua kitavunjika! Diwani akawageukia wenzake. Mmesikia? Mtu wa nia safi anajiandaa kulipa kwa nini?

– Hiyo ni kweli, alisema Breki. Mimi nikipeleka kuku Keroka sikatii kuku bima.

– Kuku wako hawahitaji bima, Mzee, alisema Abdirizak. Wanahitaji maombi. Vile unawabeba, wanafika wakiwa wamesahau kuwika.

Wakacheka. Breki naye alicheka, lakini hakuachilia neno.

– Shida yangu ni hiyo lori ya kufungwa. Mimi nimeendesha. Majani chai hayafungiwi, yanapumua. Sasa ufungie watu vitu ndani ya sanduku la bati, ufike pale juu ya Mai Mahiu, upepo ushike ule ubavu. Lori inalala. Inalala chini kama ng'ombe.

– Si zinapita kila siku? aliuliza Abdirizak.

– Zinapita kwa sababu hazijabeba vitu vya mtu tunayemjua.

– Na kwa nini wafunge? aliongeza Nabii, akipuliza tangawizi yake. Kitu kizuri hakifichwi. Mimi nikiona lori imefungwa hivyo, najua kuna vitu vya watu wengine ndani. Mtafika Garissa mshushiwe friji ya mtu wa Kakamega, na yeye apate yenu, na hakuna atakayejua, maana friji zote ni nyeupe.

Abdirizak alimwongezea Breki kahawa.

– Sawa, tuiache hiyo. Ya pili ni ya Kisii mjini. Persis na Wanawe. Hawa wanakuja kwanza kwa nyumba, wanapiga picha ya kila kitu.

– Picha! Diwani alisimama. Ndugu yangu, umesema picha?

– Ndiyo ijulikane kila kitu kimefika.

– Yaani mtu anatembea ndani ya nyumba yako na simu, anapiga picha kitanda, anapiga picha sufuria, anapiga picha ile shati yako ya kijani. Kesho yuko na nyumba yako yote mfukoni. Unajua vile mimi nilishindwa ile kura? Ni picha. Walipiga picha nikila mahindi njiani.

– Ulishindwa kwa sababu hukupigiwa kura, alisema Breki.

– Picha ndiyo ilianza!

– Na wakituma hizo picha kwa wakwe? aliuliza Nabii kwa sauti ya chini. Mama mkwe hata kama haoni, ataelezewa. Ataambiwa, huyu mwanamume miaka hii yote ana viti vitatu, na kimoja ni cha kuegemezwa ukutani.

– Hicho kiti umekivunja wewe, Nabii. Siku ya Idi.

– Nimekaa tu.

Nilikuwa nageuza mandazi, nikacheka hadi mafuta yakaniruka. Diwani aliniona.

– Mama Ashley, usicheke pekee yako. Na wewe sema. Wewe ungechukua gani?

– Mimi sijui, nilisema. Sijawahi kuhama na vitu vingi.

– Mnaona? Mwenye akili hajibu haraka.

Abdirizak akasoma ya tatu. Haikuwa kampuni. Ni mtu wa Nyamarambe mwenye lori la wazi, ambaye hupeleka ndizi Garissa na alikuwa tayari kupakia vitu vyao juu ya mikungu. Nilidhani hii wataipenda, kwa kuwa ni ya wazi na mwenyewe ni mtu wa nyumbani. Lakini Breki alitikisa kichwa.

– Godoro juu ya ndizi? Ndizi inaiva ikipata joto. Ikifika Mwingi yote imeiva, inaanza kulia maji. Mtalala ndani ya harufu ya ndizi mpaka watoto wenu waoe.

– Na friji, alisema Nabii.

– Friji imefanya nini tena?

– Friji ya Masimba haijawahi kufanya kazi. Hapa nusu ya kazi inafanywa na hewa ya baridi. Ukiipeleka Garissa kwa lile joto, itajua kwa mara ya kwanza kwamba ilikuwa imeandikwa kazi. Itazima kwa mshtuko. Sio kampuni mbaya, sio lori mbaya. Ni friji imeona maisha.

– Basi nipeleke kila kitu isipokuwa friji?

– Na kitanda, alisema Breki. Kitanda nacho kina kanuni yake. Kipakie kichwa kikiangalia huku Masimba. Kikiangalia Garissa, hamtarudi.

– Na kikiangalia Masimba?

Breki alizungusha mashapo ya kahawa chini ya kikombe.

– Mtarudi, alisema. Hata kama ni kusalimia watu tu.

Kampuni zilikuwa zimeisha zote, na hakuna iliyobaki na sifa hata moja. Lori la taka lilipita, likaenda. Abdirizak alirudisha simu mfukoni na kuchochea makaa ambayo hayakuwa na haja ya kuchochewa.

– Mimi ndiye nilihamisha baba yako, alisema Breki. Unajua?

– Uliniambia, Mzee.

– Nitakuambia tena. Alikuwa anakaa Nyamarambe, akapata nyumba hapa. Nilikuwa nimeshusha majani kiwandani, lori ni tupu, nikaenda nayo bila kuuliza mtu. Wakati huo nani angeuliza? Nilipofika nilipata Nyamarambe nzima imesimama nje. Wanawake wameshika vyungu, wanaume wameshika ngozi, hata mtu aliyekuwa amegombana naye ameshika kiti. Nikasema, pakieni. Wakapakia, halafu wakapanda wao.

– Wote?

– Wote! Kwani ungeshusha na nani? Sisi hapa ukishika kitu cha mtu anayehama, umekishika mpaka mlango mpya. Unakishusha mwenyewe. Halafu unasimama pale uwanjani, unakunywa uji, unaongea kwa nguvu. Majirani wapya wachungulie, waone huyu mtu hakufukuzwa alikotoka. Waone amesindikizwa.

– Mama yangu, alisema Nabii, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa anaonya mtu, mama yangu alibeba jiko likiwa na moto. Tulikuwa tunahamia kule juu kwa shamba la chai. Jirani alimbebea makaa yanayowaka, ndani ya jiko, kichwani, juu ya kata ya majani ya ndizi. Hiyo ugali ya kwanza ilipikwa na moto wa nyumba ya zamani. Mimi nilikuwa mdogo, nikala nikafikiri bado tuko kwetu.

Nilimwangalia Ashley kwenye leso. Nilipokuja kupanga chumba changu hapa, nilikuja naye akiwa hajaanza kukaa, na nilikuwa na kitanda tu na ndoo mbili. Nilishushiwa barabarani, dereva akaenda. Sikuwa najua mtu na nilikuwa naona haya kuita. Abdirizak aliacha birika lake motoni akashika upande mmoja wa kitanda, Diwani akashika mwingine, na Kinsi akatoka ndani akamchukua mtoto bila kuniuliza jina. Jioni hiyo Kinsi alikaa mlangoni kwangu akiongea kwa sauti kubwa, na nilifikiri ndivyo alivyo. Mpaka asubuhi hiyo, Breki alipokuwa akisema, sikuwa nimejua kwa nini aliongea vile.

– Basi maneno yameisha, alisema Diwani, akipiga ubao kofi. Hakuna kampuni. Kampuni ni ya watu wasio na watu. Tunatafuta lori na dereva tu, tunapakia sisi.

– Buya, vizuri kabisa! alisema Breki. Mimi nitapanga. Kitanda ni changu.

– Na friji mniachie mimi, alisema Nabii. Nitaiongelesha.

Abdirizak alicheka, akajaza vikombe vyote bila kuulizwa. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeambiwa asiende tena.

Ndipo alipokuja msichana mmoja kutoka upande wa nyumba za nyuma, amevaa ovaroli ya buluu na kanda ya kupimia shingoni.

– Hamjambo wazazi wangu? Natafuta Abdirizak.

– Hatujambo. Ni mimi.

– Naitwa Sharon, natoka Hama Salama. Mama alitupigia jana akasema nyinyi bado mnazungumza. Nimeshapima vitu kule ndani.

Wazee waliangaliana. Kinsi hakuwa amengoja kijiwe. Diwani akajikusanya.

– Msichana, kabla hujaendelea. Hiyo lori yenu mmeifunga kwa nini?

– Kwa sababu ya mvua, mzee.

– Na pale Mai Mahiu? aliuliza Breki. Ule upepo?

– Tunaenda polepole.

– Na friji ya mtu wa Kakamega?

– Ipi?

Nabii alirudi kwenye tangawizi yake. Sharon alingoja kama anataka kumsaidia, kisha akamgeukia Abdirizak.

– Vitu vyenu si vingi, vitaingia vyote vizuri. Hata kupakia hakuna shida, naona mna watu wengi. Ninachotaka kujua ni kule. Tunaondoka hapa mimi na dereva peke yetu. Garissa, nani atashusha?

Abdirizak alifungua mdomo.

– Kule, alisema. Kule...

– Jamaa? Majirani? Hata wawili wanatosha kwa kabati. Kuna watu wenu pale?

Nilimwona akihesabu bila vidole. Mama mkwe, ambaye haoni. Kinsi, na watoto. Barabara moja aliyoipita akiwa bwana harusi. Aliwageukia wazee, vile mtu hugeukia mwenzake amkumbushe jina lililomtoka.

Breki aliangalia magoti yake. Diwani ana ng'ombe wawili wa maziwa na hana wa kumkamulia. Nabii alitazama juu, akipanga siku, na nilijua Sabato ingemkuta njiani. Dakika chache zilizopita wote walikuwa wamebeba kitanda na friji na kabati, na sasa vitu hivyo vilikuwa vimesimama peke yavyo katika uwanja wa mtu, mbali sana, na hakuna mkono uliovishika. Mimi niliangalia mandazi. Yalikuwa yameshaiva na sikuyatoa.

– Nitashusha mwenyewe, alisema Abdirizak polepole.

– Kabati huwezi, alisema Sharon bila ubaya. Sio vibaya, wengi hawana mtu. Nikipiga simu ofisini nawaambia tu kwamba kule hakuna watu, watatafuta wa kukodi.

Alitoa simu. Breki aliinua mkono, mkono ule ule aliokuwa akisimamisha nao magari wakati wa kugeuza lori.

– Usiwaambie hakuna, alisema. Ngoja kwanza.

– Ningoje nini, mzee?

Breki alimwonyesha ubao kwa kidevu. Diwani alisogea kwenye ubao, Nabii naye akasogea, pakawa na nafasi ya mtu mmoja. Abdirizak aliinua birika ampe mgeni kahawa, lakini lilikuwa limekwisha. Sharon alikaa, simu mkononi, akawaangalia wazee mmoja mmoja, akangoja.