Rubisi Aliyokunywa Babu

Lori la kwenda Kyaka lilipotoka Bugene, mama mmoja alimpakata binti yake, ambaye mguu wake ulipondwa zamani na gari la mnunuzi wa kahawa. Alipojua kwamba mwanamume aliyeketi kando yake ni karani wa baraza, akamwuliza kama bado anaweza kushtaki.

"Muda umepita, mama. Mlikuwa wapi miaka yote hii?"

"Yule bwana alituletea rubisi, akaomba tungoje kidonda kifunge."

"Mkainywa?"

"Baba mkwe aliinywa."

"Basi mlisamehe. Hunywi pombe ya mtu kisha ukamshtaki."

"Aliyesamehe ni nani? Babu alikunywa, mguu ni wa huyu! Alikuwa hajui hata kusema 'mama', nanyi mkaanza kumhesabia muda?"

"Usinifokee! Sheria sikuitunga mimi."

Karani naye alikuwa akifoka, lakini mimi niliyeketi mkabala nao nilimwona akisogeza mzigo wake ili mtoto anyooshe mguu.

Lori likasimama Kyaka. Karani aliruka chini, akanyoosha mikono ampokee mtoto.

"Hakikisha kwanza," mama alimwambia, "muda wa kumpokea haujapita."