Mzinga Nilioupiga Kabla ya Magharibi

Assalamu alaikum nyote, na wenzangu mliozoea Bwana asifiwe, mimi nawaitikia pia. Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Majina ya watu siyataji, maana wengi ni jirani zenu, na mmoja wao naona ameketi karibu na dirisha hapo ananitazama.

Wengi mwanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ndiye mwenye kile kipindi cha redio mlichokipa jina la kipindi cha gereji. Binamu yangu baharia aliniletea kaseti kutoka Ujerumani, muziki wa watu wanaopiga vyuma, wanaoburura minyororo na kuwasha mashine za kutobolea ukuta, bila mwimbaji, bila udi, bila kitu cha kumtikisa bibi harusi. Mimi nikaupenda. Mkuu wa kituo, mtu mpole sana, alisikiliza kidogo akaniambia, "Huu ni wazimu, lakini una mpango wake. Chukua Jumatano jioni."

Barua zikaanza kuja. Mwalimu mmoja wa hapa Tudor, makanika wa Makadara, wasichana wawili wa sekondari. Ndugu zangu, nawaambia kweli, kichwa kilinivimba. Nikajiona Mombasa nzima ni mimi peke yangu niliyejaliwa masikio.

Ikaja Ramadhani ya zile mvua za Elnino. Mkuu akaniambia nipumzike mwezi mzima. Nikabisha, nikanuna, nikamwambia wasikilizaji wangu watapotea. Mwishowe akanipa nusu saa, kwa sharti nitoke hewani saa kumi na mbili kamili ili kisomo cha Kurani kianze. Nyinyi msiofunga niwaeleze: baada ya kisomo, jua likitua, kituo chetu hupiga mlio wa mzinga, halafu adhana. Watu hufungua saumu kwa mzinga ule.

Jumatano ile mawingu yalikuwa mazito, jua hulioni toka asubuhi. Stima zilikatika Mji wa Kale wote, kwa hivyo vipaza sauti vya misikiti vilikuwa kimya. Kila nyumba Kibokoni imewasha redio ya betri, tende ziko kwenye sahani, watu wamekaa. Na mimi, saa kumi na mbili ilipofika, nikajiambia niongeze kipande kimoja tu. Msomaji wa Kurani alikuwa nje amechelewa na mvua, nikaona nimepata kisingizio.

Kipande chenyewe huanza chini chini, chavuma kama friji mbovu kwa dakika kumi, kisha kinapigwa kishindo kimoja kikubwa cha chuma, halafu kimya. Nilikuwa nimekisikiliza labda mara mia. Sikufikiri hata siku moja kishindo kile chafanana na nini.

Simu ya studio ikalia kabla kaseti haijasimama. Alikuwa mamangu.

"Mwanangu, mzinga tumeusikia. Mbona adhana haiji?"

"Mama, ule haukuwa mzinga. Bado zaidi ya robo saa."

Akasema polepole, "Basi mimi tende nishaimeza," akakata simu.

Hakuwa peke yake. Nyumba kwa nyumba walikuwa wamefungua, wazee, wagonjwa waliojikaza, mabibi waliokuwa jikoni tangu adhuhuri. Siku yao ya kufunga ikawa imeharibika, wailipe baada ya Idi. Mkuu alinisimamisha kazi palepale, na sina la kumlaumu. Niliporudi nyumbani, mazungumzo barazani yalikatika. Mmoja akasema, "Mzinga huyo apita," na wengine hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Nilihama Kibokoni, nikapanga chumba huku Tudor. Nyinyi mwajua chumba cha namna ile, maana ndicho kilichotuleta wengi wetu kwenye kikundi hiki cha kuacha miraa. Mchana kutwa natafuna miraa, dirisha limefungwa. Kaseti nilizitia kwenye gunia. Redio sikuiwasha miezi. Nilikuwa nimejipangia kauli moja, kwamba watu wa Mombasa hawajui muziki, na naliirudia hadi nikawa naona kweli wao ndio wenye makosa. Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipokuwa chini kabisa.

Siku moja nikaenda kumwona mamangu. Alikuwa amefunga, akiilipa siku ile niliyomharibia. Miguu imemvimba na bado amefunga. Hakuwa amenikaripia hata mara moja tangu siku ile, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikalia mbele yake mtu mzima mimi. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mimi nishakusamehe. Lakini mimi ni nyumba moja. Nyumba nyingine hujazibishia hodi."

Kesho yake alasiri nikaanza. Miraa ilikuwa haijanitoka mwilini vizuri. Nabisha hodi, natoa salamu, nasema, "Mimi ndiye niliyewafunguza kabla ya wakati. Kosa lilikuwa kiburi changu. Nimekuja kuomba radhi." Nyumba ya kwanza walinipa kahawa. Ya pili mzee alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango. Bibi mmoja alinisamehe kisha akanisema nusu saa nzima nikiwa nimesimama juani. Nilizimaliza zote mtaa ule kwa siku nne, na kila nilipotoka mlangoni nilihisi mgongo unanyooka.

Nikavuka hadi Makadara, kwa fundi wa mabati anayetengeneza majiko, mtu wa Rabai, Mkristo. Akanisikiliza nyundo mkononi.

"Mimi sikufunga," akasema, "radhi yangu huihitaji. Lakini nilikisikia kile kishindo chako. Lile ni pipa tupu, na aliyelipiga hajui kazi. Njoo na tepu yako nikuonyeshe pipa lapigwaje."

Jamani, nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani. Nilirudi na rekoda. Akapiga yeye, wakapiga mafundi wenzake watatu, kila mmoja na mdundo wake, na hawagongani. Miaka yote nilipita pale nimeziba masikio nikawahi studio kuwasikiliza Wajerumani. Nikarekodi cherehani za mafundi nguo, vikombe vya muuza kahawa, mashine ya kukuna nazi. Nikakaa siku nyingi nikizipanga sauti hizo moja juu ya nyingine, na miraa nikawa naisahau.

Mkuu wa kituo alisikiliza kaseti hiyo hadi mwisho. Akanipa Jumapili asubuhi, mbali na sala yoyote, na akataka nianze kwa kuomba radhi hewani. Nikaomba. Kisha nikaipiga kaseti ya mafundi wa Makadara, dakika ishirini bila neno.

Simu ikalia. Alikuwa yule mzee aliyenifungia mlango.

"Huyu wa nyundo ndogo," akauliza, "si yule wa duka la pembeni?"

"Ndiye, mzee."

"Nimemjua. Usimkate."

Sikumkata. Simu zililia hadi kipindi kikaisha, watu wakitaja nani ni nani. Sasa wapakuaji wa bandarini huniletea kaseti za winchi zao, na wanagombana ni ya nani itangulie. Kipindi kina saa mbili. Nimeshinda, ndugu zangu, na sioni haya kulisema neno hilo.

Namshukuru Mungu, mamangu, mkuu wangu, yule fundi, na nyinyi mlionishika mkono wiki zile nilipotaka kurudia majani. Nililojifunza ni hili: radhi huombwa kwa miguu. Ndani ya chumba utajihurumia tu. Najua hapa ndani yupo mwenye mlango anaouogopa, pengine ameupita leo akija kikaoni. Aniambie tukitoka. Tutakwenda wawili, na hodi nitabisha mimi.