Barabara ya Majirani Imekwenda Wapi?

Kijiwe cha Poggiarso ni benchi moja la mwaloni lililoegemea ukuta wa baa ya Bi Fosca, na wazee watatu wanaolikalia wamelikalia mpaka limechukua maumbile yao: kuna shimo la Askofu, kuna shimo la Bajaji, kuna shimo la Kizibuo, na ole wake atakayekaa kwenye shimo lisilo lake. Mbele ya benchi ni barabara ya kijiji, ng'ambo ya barabara ni mteremko wa ngano, na juu kabisa ya mteremko, kati ya miberoshi miwili, umesimama mnara uliovunjika kichwa. Ulikuwa mwezi wa saba. Ngano ilishavunwa, na vilima vyote vya upande huu wa Siena, Italia, vimenyolewa kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule. Kahawa ya hapa ni ya kikombe kidogo, watu wengine huimaliza kwa mikupuo miwili wakiwa wamesimama. Wazee hawa huinywa asubuhi nzima wakiwa wamekaa.

Zelinda alikuwa ndani anafuta kaunta kwa hasira, ingawa kaunta haikumkosea kitu. Anasoma sheria mjini Siena, yuko likizo, na likizo yenyewe ndiyo hii, kumsaidia shangazi yake Fosca, ambaye wiki iliyopita alisema kwa sauti ileile anayoombea chumvi kwamba zabibu zikishavunwa bila wateja kuongezeka, atafunga baa. Mchinjaji alishahama, shule ilishafungwa, padri anakuja kwa zamu. Baa ikifungwa, Poggiarso itabaki mahali pa kulala tu. Tumaini lilikuwa moja. Chama cha waendesha baiskeli wa njia za changarawe kinachora njia mpya ya kupita kwenye vilima na magofu, na leo kinamtuma mtu kuamua: njia ipande hapa, ipite baani na kwenda mnarani, au ifuate lami ya bondeni, isituone kabisa.

Akatoka na sinia.

— Wazee wangu, nawaomba kitu kimoja. Akija huyo mtu wa njia, akiuliza habari za mnara, mwambieni ukweli. Basi.

— Ukweli upi, binti? akauliza Bajaji. Jina lake ni Nello, ila kigari chake cha magurudumu matatu kinakohoa hadi kijiji kizima kinamjua kwa hicho. Akaongeza: Hapa kila mtu ana wake.

— Mnara ulikuwa wa kulinda mpaka. Ukaanguka. Kwisha.

— Sasa hiyo nayo ni historia? Nani atajitesa kupanda kilima akatazame mpaka?

Loriano, aitwaye Kizibuo kwa sababu amefungua chupa nyingi na mdomo wake zaidi ya chupa, akatikisa kichwa.

— Mi hawa watu wa baiskeli siwaelewi, wallahi. Baba zetu wamelilia lami mpaka wamezikwa. Hawa lami wanayo hadi mlangoni, wanakuja huku kutafuta vumbi! Na hiyo baiskeli, ukiiuza unapata trekta.

— Mbona liko wazi, akasema Askofu. Egisto aliitwa Askofu kwa kuwa utotoni aliwahi kumbebea askofu begi kutoka kituo cha treni, na tangu siku hiyo hajashuka cheo. Akaendelea: Umewaona wanavyokaa juu ya baiskeli? Mgongo umekunjwa, pua kwenye gurudumu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Juu ya baiskeli kuna mvungu gani?

— Mvungu wa baiskeli. Usinibishie.

Zelinda akashusha pumzi. Chuoni alizoea kushindana na watu wanaojua kwamba wanabishana. Hawa walidhani wanafundisha.

— Narudia, akasema. Mtu akisimulia uongo, huyo mgeni akaugundua, atajiuliza na mengine tunayomwambia ni ya kweli? Tutapoteza njia. Tukipoteza njia, hili benchi mtalihamishia wapi?

— Hakuna wa kudanganya hapa, akasema Bajaji. Mimi nitamwambia lile ninalolijua. Alilala papa mle mnarani. Usiku mmoja, anatoka Roma, jino linamuuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Jino liko nguoni?

— Papa ana nguo nyingi, Loriano. Huwezi kujua.

— Papa wapi! akasema Askofu. Mle alifungiwa malkia. Malkia wa Walombardi, mzuri kupita kiasi, ila alikuwa anakoroma. Mumewe akamjengea mnara mbali na ikulu ili apate usingizi. Ndiyo maana dirisha liko moja tu, limeelekezwa upande ambao hakuna watu.

— Ushahidi? akauliza Zelinda.

— Ushahidi ni dirisha.

— Dirisha linathibitisha dirisha, Babu Egisto. Halithibitishi kukoroma.

— Mnamsikia? Hicho ndicho wanachofundishwa huko. Anakataa hata dirisha!

Kizibuo alikuwa ananyamaza makusudi, kama mtu aliyeshika karata nzuri. Sasa akaiweka mezani.

— Nyie wote watoto. Mnara ule si mnara. Ni zizi la tembo.

— La nani?

— La tembo. Hanibali alipita na tembo wake kwenda kuipiga Roma. Mmoja akaumwa goti, akaachwa hapa. Wakamjengea kwenda juu, kwa sababu tembo ni mrefu.

— Tembo uliyemwona wewe alikuwa glasini, akasema Bajaji.

— Hapa tunauza kahawa, Mzee Loriano, akasema Zelinda. Chai kapige nyumbani kwako.

Hata yeye akacheka, bila kutaka. Hilo ndilo lililokuwa likimuudhi zaidi kuhusu benchi lile: linachekesha. Kama lingekuwa baya tupu, angekuwa ameshalichoma kuni.

Wakati huo baiskeli ikapinda kona, usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume, magurudumu manene, na juu yake mwanamke wa makamo aliyepauka vumbi jeupe hadi kwenye kope. Akaegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akaomba maji na kahawa. Wazee wakamtazama kama wanavyowatazama watalii wote, kwa huruma.

— Karibu, mama, karibu, akasema Askofu, ila hakujisogeza. Umepotea?

— Sijapotea. Naitwa Isotta. Ndimi niliyetumwa kuangalia njia. Mlikuwa mnamsubiri nani?

Walikuwa wanamsubiri mwanamume mwenye tai, ndani ya gari. Lakini mshangao wao haukudumu. Kila mmoja alikumbuka kwamba ana historia ya kutoa. Zelinda hakupata hata nafasi ya kusalimu.

— Ule mnara, mama, akaanza Bajaji, alilala papa...

— Ambaye alikuja kumwona malkia, akadakia Askofu, kwa sababu malkia alikuwa amefungwa.

— Akaja juu ya tembo, akasema Kizibuo.

— Papa juu ya tembo? akauliza Isotta.

— Jino lilikuwa linamuuma, akaeleza Bajaji. Farasi anatikisa.

Isotta akanywa kahawa yake kwa mikupuo miwili, akaweka kikombe. Hakucheka, wala hakuonyesha kuudhika. Zelinda akafunga macho. Alisikia mlango wa baa ukifungwa, mwezi wa kumi, kwa ufunguo wa shangazi.

— Mnara ni mzuri, akasema Isotta. Nimeuona tangu kilima cha tatu huko nyuma. Wa papa, wa tembo, kwangu sawa. Watu wangu watapenda kupumzika pale na kurudi hapa kunywa kitu. Nina swali moja tu. Njia ya kufika kule inapita wapi?

Vikombe vitatu vikawekwa benchini.

Kisha mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja, kila mmoja upande wake.

— Inapita kwa Egisto, akasema Bajaji.

— Kwangu? Tangu lini? Inapita kwa Loriano, kule juu, kwenye ukingo.

— Ukingo wangu hauna njia, mzee. Njia inaanzia chini, kwa Nello.

Zelinda akageuka kuutazama mteremko. Alikuwa ameutazama maisha yake yote, na leo ndipo alipouona. Chini shamba la Bajaji, katikati la Askofu, juu la Kizibuo, na toka mtaro wa barabara hadi kwenye miberoshi, mabua ya ngano yamepangana bila pengo, hata la kupitisha mbuzi. Ilikuwepo barabara pale. Barabara nyeupe, ya changarawe, pana kiasi cha mikokoteni miwili ya ng'ombe kupishana. Alipokuwa mdogo shangazi alimpandisha kwa hiyo, wakala mkate na jibini chini ya mnara.

— Shangazi! akaita dirishani. Barabara ya mnarani ilipita wapi?

— Hapo mbele yako, ikajibu sauti ya Bi Fosca kutoka jikoni. Moja kwa moja. Kwani haipo?

Zelinda akawageukia wazee.

— Mmeilima, akasema Zelinda taratibu.

— Nani kailima? Usituvunjie heshima mbele ya mgeni, binti, akasema Askofu. Hapa ni watu waaminifu. Mtu akipitiwa na jembe la trekta, anapitiwa mfuo mmoja tu, kwa mwaka. Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba...

— Nyamaza, Egisto! wakasema wenzake wawili kwa sauti moja.

Bajaji akajaribu kuokoa jahazi kwa njia ya sheria.

— Na hata hivyo, jina lake lilikuwa barabara ya majirani. Hata serikali iliiita hivyo. Majirani ni kina nani? Ni sisi. Sasa majirani wakiamua kitu chao...

— Ya majirani maana yake majirani waiache wazi na watu wote wapite! Zelinda akasikia sauti yake imepanda, akaishusha. Jina hilo ni la wajibu, Mzee Nello, si la urithi. Njia ya watu haifi kwa kulimwa. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza.

— Mimi si mwanasheria, akasema Isotta, akivaa kofia yake. Na sipitishi watu kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba akinikataza, nashuka bondeni, nafuata lami. Sina muda wa kesi, na kesi za huku najua zinavyozeeka.

Wazee wakatazamana. Ilikuwa wazi kwamba lami imepata watetezi watatu.

— Bondeni ni pazuri sana, akasema Kizibuo kwa upole. Kuna kivuli.

Zelinda akavua aproni, akaiweka juu ya sinia. Akili yake ilikuwa imetulia.

— Njoo, Bi Isotta. Sukuma baiskeli yako.

Akavuka barabara, akaruka mtaro, akasimama katikati ya mabua. Udongo wa kijivu ulikuwa umekauka, ukavunjika chini ya viatu vyake kama biskuti. Isotta akafuata, akanyanyua baiskeli kupita mtaro, akasita.

— Una hakika?

— Waulize wao.

Isotta akageukia benchi, akaweka kiganja kando ya mdomo.

— Samahani, wazee! Hapa niliposimama ni shamba la nani?

Zelinda alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Neno moja tu, "langu," lilitosha kuipeleka njia bondeni na kuifunga baa. Lakini mwenye kulisema angelazimika kusema linalofuata: kama hapa ni kwako, basi barabara uliiweka wapi? Bajaji alikohoa. Kilikuwa kikohozi tu, hakikuwa na neno ndani yake. Akakitazama kikombe chake kitupu kwa makini sana.

— Twende, akasema Zelinda.

Wakapanda. Magurudumu manene yakachora mstari nyuma yao. Walipofika palipokuwa na jiwe la mpaka, Isotta akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kutoka chini Askofu akavua kofia, akajipepea, akaivaa.

Wakapanda tena, taratibu, jua liko mgongoni, hata Zelinda akaacha kutazama nyuma. Mnara ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Ungeweza kuhesabu njiwa dirishani. Wakafika jiwe la pili, shamba la juu, na Isotta akauliza mara ya tatu, sasa kwa kupiga kelele kabisa, mikono yote miwili mdomoni.

— Na hili? Hili ni la nani?

Kule chini Kizibuo akasimama. Walimwona vizuri, mfupi, mkono umenyanyuliwa juu, kifua kimejaa pumzi. Ndipo, upande wa kulia wa Kizibuo, mkono wa Askofu ukamshika koti. Upande wa kushoto, mkono wa Bajaji ukamshika koti. Vipande vya kwao vilishakanyagwa kimyakimya. Hawakuwa na nia ya kumwona mwenzao akibaki na chake. Wakamvuta. Kizibuo akakaa.

Isotta akasubiri kidogo zaidi, kwa adabu.

— Basi kama halina mwenyewe, akasema, ni barabara.

Akapanda baiskeli yake.