Aliyetufundisha Kusema "Napitisha": Eufrosina Dalisay Magbanua, 1951–2025

Eufrosina, ambaye kitongoji kizima cha Pantalan Daan kilimwita Manang Frosing, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba hiyohiyo ambamo jeneza lake limelala kwa siku nane. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa Crispulo Dalisay, mgema, na Honorata, aliyeuza samaki wakavu sokoni katika mji wa Iloilo. Kabla hajajua kusoma alikuwa amekwisha kujua tembo la jana na la leo kwa harufu tu. Baba yake alimtania kwamba akikosa mume ataajiriwa pua.

Alisoma shule ya msingi ya hapa Pantalan Daan na kumaliza mwaka 1963, kisha sekondari ya masista mjini, alikokwenda kwa miguu kila siku, viatu mkononi, na kuvivalia langoni ili visichakae. Mwaka 1969 alianza chuo cha ufamasia. Alikuwa katika mwaka wa pili baba yake alipoanguka kutoka juu ya mnazi na kuvunjika nyonga, na ada ya mwaka wa tatu ikawa ndoto. Hakulalamika mbele ya watu. Daftari zake za chuo alizifunga kwa uzi na kuzitunza kabatini hadi mwisho, na kila mtu aliyeugua katika ukoo huu amewahi kuona zikifunguliwa.

Kuanzia mwaka 1972 alikuwa msaidizi katika duka la dawa karibu na soko kuu, akakaa hapo miaka kumi na minane. Huko alijifunza jambo lililomfaa baadaye kuliko alivyotaka: namna mtu anavyoonekana akiwa amekunywa pombe, na namna anavyoonekana akiwa amekunywa kitu kingine. Mwaka 1990 alifungua mgahawa mbele ya nyumba, meza sita na mashine ya karaoke iliyokwama kwenye nyimbo za zamani. Wali wake na samaki wa kukaanga vilijulikana hadi ng'ambo ya mto.

Alifunga ndoa na Teodulo Magbanua Jumamosi tarehe 24 Aprili 1976 katika kanisa hili. Namna walivyojuana inafaa isemwe. Kwetu wanywaji huzungushiana glasi moja. Mmiminaji humimina, humpa wa kwanza, glasi ikirudi humimina tena kwa wa pili, na kuikataa ni kumtia aibu aliyekupa. Teodulo alikuwa mmiminaji katika harusi ya binamu yake. Zamu ya Frosing ilipofika, alimwekea ramu isiyofunika hata kitako cha glasi.

"Hiki nini?" akauliza Frosing. "Mimi paka?"

"Kunywa, Dada. Nimeona unataka kufika kwenu umesimama."

Aliinywa, na alifika kwao amesimama. Mwaka uliofuata walifunga ndoa. Walijaliwa watoto wawili, Arsenio na Gloribel. Teodulo alitangulia mbele ya haki mwaka 2012, na hadi siku zake za mwisho Manang Frosing alisema kwamba hakuolewa na mwanamume mzuri wa sura. Aliolewa na mmiminaji mzuri.

Sasa ni lazima kueleza jambo lililougawa wasifu huu sehemu mbili. Yeye mwenyewe aliagiza lisomwe.

Jumanne tarehe 15 Mei 2001 ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kitongoji. Saa tisa alasiri, jua likiwaka, watu tisa walikaa chini ya turubai mbele ya mgahawa. Miongoni mwao alikuwa mpwa wake Luzviminda, binti wa kaka yake Ruperto, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Mmiminaji siku hiyo alikuwa mgeni, rafiki wa rafiki, kijana mwenye shati zuri na maneno mengi. Glasi ilipomfikia Luzviminda, alisema, "Napitisha."

"Lo, msomi haonji cha kwetu," akasema mgeni, na meza ikapigwa makofi.

"Anaogopa kusahau alfabeti," akaongeza mwingine.

Manang Frosing alikuwa akipita na sinia la tambi. Aliona uso wa mpwa wake, akaona na uso wa mgeni, akachagua kumhurumia mgeni. "Pokea, Inday," alisema. "Usimtie mtu aibu. Ni kidogo tu."

Inday, neno tunalomwitia binti tunayempenda. Luzviminda alipokea.

Sisi sote tulidhani glasi moja ina usalama wake. Ikiwa na kitu kibaya, si tutaanguka wote? Hatukufikiri kwamba glasi ile hurudi kwa mmiminaji kila zamu, na kila zamu mkono uleule uko juu yake.

Haikupita nusu saa. Manang Frosing alikuwa jikoni akikata nguruwe wa kuchoma alipochungulia dirishani na kumwona mpwa wake akiburutwa kiunoni kuelekea kwenye bajaji, shingo imelegea, kiatu kimoja kimebaki chini ya meza. Walioketi walikuwa wanacheka kwamba glasi moja tu imemmaliza. Yeye hakucheka. Aliyajua macho yale tangu duka la dawa. Alitoka na panga la kukatia nyama mkononi, mafuta yakimtiririka hadi kiwikoni, akasimama mbele ya gurudumu.

"Nampeleka kwao, Manang," akasema mgeni. "Amelewa."

"Kwao ni hapa."

"Basi nampeleka apate hewa."

"Hewa ipo hapa pia. Mshushe." Kisha akamgeukia dereva, Rodel Sumagaysay, aliyeko nasi leo. "Rodel, zima."

Rodel alizima. Baadaye alipoulizwa kama aliogopa panga, alijibu kwamba panga hakuliona, aliliona jicho.

Luzviminda alishushwa. Alilala saa kumi na nne na hakukumbuka chochote baada ya sinia la tambi. Hakuna baya zaidi lililompata, na hilo ni kwa sababu dirisha la jiko linatazama barabara. Kituoni askari alisema msichana amekunywa, amelewa, waandike nini zaidi.

"Andika glasi moja," akasema Manang Frosing. "Andika saa. Andika aliyemimina."

Askari aliandika "ulevi." Mkojo wa kupima ulichukuliwa kesho yake mchana, wakati mwili ulikuwa umekwisha kujisafisha, na majibu hayakuonyesha kitu. Mgeni alikuwa amekwisha panda boti. Hakuna aliyeshtakiwa hadi leo.

Ruperto, baba wa msichana, alitaka mambo yaishe humu humu ndani. Wengi walitaka hivyo. Jumapili iliyofuata, mkutano wa kitongoji ulipofika kwenye mengineyo, dada yake alisimama. "Nina kosa la kuungama, na padri nimekwisha kumwambia, sasa nawaambia nyinyi," alisema. "Binti alisema napitisha. Mimi nikamwambia apokee. Nilijali aibu ya mtu nisiyemjua kuliko mtoto wa nyumba yangu. Kuanzia leo, kwangu, mtu akisema napitisha, hapana anayemuuliza kwa nini." Akaketi. Kapitan Nemesio, mwenyekiti wetu, akauliza kama hilo ni ajenda au ni hotuba.

Kwa miaka ishirini na mitatu alisimulia kosa lake namna hiyo, kwa kila kikundi cha vijana kilichoketi kwake, bila kulitaja jina la msichana hata mara moja. Leo jina limetajwa kwa hiari ya mwenyewe. Ndiye anayewasomea.

Tangu Jumapili ile mgahawa ulikuwa na utaratibu wake, na waliokuja kwa mara ya kwanza waliuona wa ajabu. Chupa ilifunguliwa mezani, si kaunta. Mmiminaji alimimina glasi ikiwa katikati ya meza, kila jicho likiiona, na akiondoka mezani anaondoka na zamu yake, wanachagua mwingine. Glasi iliyoachwa peke yake, hata kwa kwenda kujisaidia, Manang Frosing aliimwaga na kuifudikiza bila kumuuliza mwenyewe. Kapitan Nemesio alipoteza ramu nyingi kwa njia hiyo.

"Frosing, hii ni baa au seminari?"

"Seminari wanakunywa kuliko wewe, Kapitan. Kaa chini."

"Nilikwenda mara moja tu, kukojoa."

"Na yeyote aliyetaka kukuwekea kitu alihitaji mara moja tu."

"Nani ataniwekea mimi kitu? Nina miaka sitini."

"Una saa ya dhahabu na mguu mbovu. Mimi mwenyewe ningekuwekea."

Aliwahesabu watu mlangoni. Mwaka 2009 wasichana waliokuja kusherehekea kumaliza chuo waliaga wakiwa wanne, na yeye akawazibia njia kwa ufagio. "Mliingia watano." Walisema mwenzao ametangulia na kaka mmoja wa meza ya pili. Aliuliza kama wanamjua kaka huyo. Hawakumjua. Aliuliza mwenzao amekunywa kiasi gani. Kidogo, walisema, lakini alikuwa anaongea kama mtu mwenye uji mdomoni. Ufagio ulidondoka. Rodel alitumwa upande wa juu wa barabara, Arsenio upande wa chini, na msichana akapatikana ameketi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, peke yake, kwa kuwa kaka yule alimsikia Rodel kwenye bajaji akimwita msichana kwa jina, akakimbia. Safari hii hapakusubiriwa kesho. Katika droo ya jikoni kulikuwa na chupa safi yenye kifuniko na namba ya muuguzi wa zamu, na kabla ya saa mbili kupita mkojo ulikuwa maabara. Majibu yalionyesha dawa ya usingizi. Safari hii askari aliandika.

Si kwamba watu walibadilika upesi. Miaka mitatu ya kwanza meza zilipungua kutoka sita hadi tatu, kwa sababu wanaume walisema kwa Frosing hakunyweki. Alipozidiwa na upweke alipiga karaoke mwenyewe, na hilo, Mungu amsamehe, lilifukuza na wale waliobaki. Lakini wazazi walianza kuwaambia watoto wao: kama ni lazima mnywe, nendeni kwake. Meza zikarudi. Wakati anafunga mgahawa kwa ajili ya ugonjwa, zilikuwa tisa, na neno "napitisha" lilisemwa pale kama mtu anavyoomba chumvi.

Mwezi Oktoba 2021 madaktari waligundua kwamba figo zake zinashindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa miaka mitatu, na wauguzi watamkumbuka kwa kutaka kila dripu ifunguliwe mbele ya macho yake. Mapema mwezi huu alipoona uchovu unazishinda dawa, aliwaita watu wa nyumbani mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Maricar, binti wa Luzviminda, ambaye ana miaka kumi na tisa na anasoma chuo kilekile alichosoma mama yake. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote.

"Glasi ikikufikia na hutaki?"

"Napitisha, Bibi."

"Wakicheka?"

"Wacheke."

"Mwenzako akilewa kuliko alichokunywa?"

"Simwachi, hata chooni. Simkabidhi mtu nisiyemjua. Nampeleka hospitali, namwambia daktari apime saa hiyohiyo."

"Na akiwa ameyataka mwenyewe? Watasema hivyo."

"Hakuyataka, Bibi. Alipokea glasi tu."

Manang Frosing aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, "Nenda, utachelewa darasani."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, wakati kengele za misa ya pili zinalia, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha watoto wawili, Arsenio na mkewe Divina, na Gloribel anayefanya kazi Singapore, aliyefika juzi, wajukuu watano, kaka yake Ruperto, ambaye ndiye aliyeniletea kalamu wasifu huu ulipoanza kuandikwa, mpwa wake Luzviminda na bintiye Maricar, Rodel, ambaye si wa damu lakini alizima injini, na kitongoji kizima.

Katika siku nane za matanga watu wamecheza karata na kunywa kama ilivyo desturi yetu. Siku ya tatu Kapitan Nemesio, mwenye miaka themanini na nne sasa, alikuwa mmiminaji. Alimimina katikati ya meza, hatua chache kutoka kwa jeneza. Zamu yake ilipofika alisema, "Napitisha," na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alipoinuka kwenda kujisaidia, alichukua glasi, akamwaga kilichokuwamo, akaifudikiza mwenyewe, akamtazama aliyelala jenezani kama mtu anayengoja kusahihishwa.

Baada ya mazishi kuna chakula nyumbani. Glasi zitakuwa mezani.

Apumzike Manang Frosing, asiamke kuchungulia dirishani. Glasi tunaziangalia sisi.