Bi Marziya na Wema Usio na Shahidi

Wasikilizaji wapendwa, aliye na chungu jikoni apunguze moto, na anayepiga pasi aisimamishe kando, nisije nikalaumiwa kwa kanzu ya mtu. Leo twamkumbuka Bi Marziya. Bi Marziya, mjane wa marehemu Mustansir, yule muuza kufuli wa Mji wa Kale. Ametutoka wiki iliyopita, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Mwenyewe alikuwa akikiri sitini na tisa tu, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mumewe aliuza kufuli za kila namna: za masanduku, za milango, za maduka. Lakini mkewe, maskini, katika maisha yake yote hakupata kufuli ya kufungia siri moja tu. Na hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

Bi Marziya alikuwa na hamu moja. Alipokuwa bado mwari alisikia masheikh wakisema kwamba sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui wa kulia umetoa nini. Akarudi nyumbani, akaitazama mikono yake miwili, akaona hili laweza kufanyika. Wema mmoja tu, usio na shahidi. Hakutaka zaidi.

Kumbe tatizo halikuwa mkono wa kushoto. Tatizo lilikuwa Kache.

Kache ni jirani wa mlango wa mkabala. Hukaanga viazi karai barazani kwake, asubuhi mpaka magharibi. Jicho moja liko kwenye karai, la pili liko njiani. Ukipita na kikapu atakuuliza kina nini. Ukipita bila kikapu atakuuliza umekiacha wapi.

Siku moja Bi Marziya alipika biriani ya mgonjwa, Naomi wa Tononoka. Sasa, wanawake wa jamaa zake huvaa rida za rangi, yale mavazi ya kujisitiri kichwa mpaka miguu, na rida yake ya waridi ikijulikana kila kichochoro. Basi akaazima buibui jeusi, akajifunika uso, akabaki macho. Akatoka na sufuria chini ya buibui, kimya, kama mwivi.

"Bi Marziya!" Kache akaita. "Mpe pole Naomi!"

Bi Marziya akaigeuza sauti. "Mimi si Marziya."

"Haya, wewe usiye Marziya, ukimwona Marziya mwambie anirudishie mbuzi yangu ya nazi."

Bi Marziya akafunua uso kwa hasira. "Umenijuaje, we mwanamke?"

"Mwendo huo wa bata ni wa nani mwengine? Na zafarani hiyo yanukia mpaka Ngome ya Yesu."

Ilipofika alasiri mtaa mzima ushajua. Jamaa za Naomi wakaja mlangoni kushukuru, na mmoja wao akatoa hotuba. Bi Marziya akasikia mashavu yanapata moto. Akasikia raha. Na hiyo raha, wasikilizaji, ndiyo iliyomuudhi kuliko Kache.

Tahseen, mkaza mwanawe, amenisimulia. Anasema jioni ile mama mkwe wake alipiga meza kwa ngumi.

"Sifa ni kaimati, mwanangu. Na mimi daktari kanikataza sukari."

"Basi Mama, usizile."

"Sizili! Wanitia mdomoni!"

Hakukata tamaa. Akamwangalia Ngumbao, hamali wa mkokoteni, ambaye gurudumu lake lilikuwa limepinda mpaka mkokoteni ukienda kwa kuchechemea. Bi Marziya akanunua gurudumu jipya. Akavizia Ngumbao yuko chooni msikitini, akaliegemeza kwenye mkokoteni, akatoka mbio. Nasema mbio, lakini mwajua mbio za mtu wa magoti mabovu.

Ngumbao akatoka akaliona. Mnadhani alishukuru? Akapiga ukelele.

"Nani kaniwekea hili? Mimi sina adui! Hii ni mali ya wizi, wataka kunifunga!"

Watu wakajaa. Mmoja akasema ni uchawi. Mwengine akasema lisiguswe. Ngumbao, mtu mwaminifu, akalichukua kwa ncha za vidole mpaka kituo cha polisi. Kufika alasiri, askari wakawa wanamhoji muuza magurudumu. Bi Marziya angefanya nini? Akavaa rida yake ya waridi, akaenda kituoni, akasema mbele ya askari watatu na nusu ya mtaa: "Ni mimi. Nimetenda wema. Nifungeni."

Wakampigia makofi. Alirudi nyumbani akilia kwa ghadhabu.

"Tahseen," akasema, "katika mji huu mtu aweza kuiba asionekane. Kutoa hawezi."

Maneno hayo nayarudia, maana ni ya kweli. Kuiba asionekane, aweza. Kutoa, hawezi.

Sasa sikilizeni. Wiki mbili kabla ya kufariki, Bi Marziya alirudi nyumbani adhuhuri, rida imekunjamana, jasho lamtiririka, naye acheka peke yake. Akataka chai ya tangawizi. Akataka kaimati, za sukari, si za maneno. Akala tatu. Tahseen akamgombeza. Yeye akalamba vidole.

"Niache leo."

Siku ya pili Tahseen akataka kukunja upindo wa suruali. Akaenda chumbani kwa mkwewe. Cherehani haipo. Ile cherehani ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, ambayo mwanamume mzima akiiinua huita jina la mamake.

"Mama, cherehani iko wapi?"

"Cherehani gani?"

Na uso mkavu, wasikilizaji, mkavu kama papa wa sokoni.

Halafu akaugua. Tahseen akamwuliza tena, amemshika mkono. Bi Marziya akasema polepole: "Mwanangu, nimetaka maisha yangu yote. Niachie hiki kimoja."

Basi mtaa ukatangaziwa msiba, na mtaa ukaja na swali: cherehani kapewa nani, na imetokaje? Ngumbao akaapa hakubeba. "Ningebeba ningesema. Mdomo wangu mwaujua." Kache ndiye aliyelia zaidi, na mpaka leo sijui alilia msiba au hasira. "Mimi nilikuwa barazani, sikuinuka! Cherehani nzima ipite mbele yangu nisiione? Amenivunjia heshima yule!"

Na Kache huyo huyo amekuja hapa studioni asubuhi. Ataka nitangaze: aliyepewa cherehani apige simu. "Si kuirudisha," asema, "tujue tu." Nami, nisiwafiche, ulimi waniwasha kama nimekula pilipili mbichi. Nimehesabu kila fundi mwanamke wa kisiwani, mpaka Mbaraki. Sikulala.

Lakini nimekataa.

Kwa Owais, mwanawe, kwa Tahseen, na kwa ukoo mzima, twatoa mkono wa pole. Mola amrehemu, amnawirishie kaburi. Na wewe Kache, pole nawe, umeshindwa na bibi wa magoti.

Na sisi wengine tujiulize. Tunapompa mtu sahani ya futari, mbona twasimama mlangoni mpaka aseme asante? Jaribuni kumeza jambo jema moja. Nawaambia ni gumu kuliko saumu, na halina futari.

Na wewe uliyenayo, ukinisikia, simu ya studio nimeichomoa. Wewe shona tu.