Daktari Hew Dalgairns na Mkono Wake wa Kulia

Marehemu anayetolewa leo ndani ya nyumba hii alizaliwa Brechin tarehe 9 Novemba 1718, nyuma ya bucha la baba yake, Mzee Dand Dalgairns. Siku hiyo baba alikuwa anachinja, na mkunga alinawa mikono kwenye ndoo ya machinjio maana nyingine haikuwapo. Aliyeshika taa ni dada yake Grizel, mwenye miaka sita. Maneno haya ameyaandika Grizel huyo huyo. Mchungaji alileta ya kwake, yamepambwa mno, akarudishiwa.

Alisoma shule ya Brechin chini ya mwalimu aliyepiga kwa mkanda wa ngozi uliochanwa ncha. Hew alipigwa kwa sababu ya Kilatini, kwa sababu ya kucheka, na siku moja kwa kuuliza swali. Siku hiyo aliudaka mkanda hewani, akauvuta, mwalimu akaangukia dawati kwa mdomo na meno mawili yakang'oka. Hew aliyaokota, akayafunga kwenye leso, akampelekea nyumbani. "Mwalimu, nimeyaosha. Labda yatashika tena." Akapigwa upya. Baba akasema, "Huyu nikimwachia bucha ataanza kuwashona ng'ombe." Mwaka 1740 akampeleka Leiden, Uholanzi, naye akarudi mwaka 1743 na shahada ya udaktari.

Tangu 1744 aliishi hapa Edinburgh, ghorofa hii ya nne, na wagonjwa wake wengi hakuwahi kuwaona. Walikuwa mbali, milimani na visiwani. Walimwandikia choo kikoje, mkojo una rangi gani, maumivu yanaanzia wapi, naye akawajibu wale nini, wanywe nini, watolewe damu kiasi gani. Watu walidhani ni kazi ya kukaa kitini. Haikuwa hivyo. Dada yake alisoma barua kwa sauti, kwa kuungaunga, na marehemu alilala sakafuni akawa mgonjwa.

"Anaumwa wapi, dada?"

"Chini ya mbavu, kushoto, akiinama."

Basi atainama, atajibinya, atakohoa mpaka mishipa ya shingo imtoke. "Aa, hili si pafu. Huyu anakula jibini mno."

Tarehe 14 Juni 1749 alimwoa Euphan Lyell, binti wa mwoka mikate. Mara ya kwanza kumkuta mumewe sakafuni, Euphan alipiga yowe. "Wifi, njoo, kaka yako anakata roho!" Grizel akamjibu, "Hakati roho, anajibu barua." Walijaliwa watoto wawili.

Januari 1761 ilikuja barua ya Bwana Torquil Rattray wa Glenorra. Mkewe, Bibi Isobel, ana homa kali, kichwa kinampasuka. Marehemu alilala sakafuni, akainuka, akaandika atolewe damu mabakuli mawili. Theluji ikafunga njia. Barua ilipofika homa ilishapita, Bibi Isobel ameketi anakunywa uji. Lakini lilikuwa neno la daktari wa Edinburgh, limefungwa kwa lakiri, na nyumba nzima iliona ni utovu wa adabu kulipuuza. Bibi Isobel mwenyewe akanyoosha mkono. Wakamkata mshipa, wakakinga bakuli la kwanza, wakakinga na la pili kama ilivyoagizwa. Alifia kitini, kijiko bado mkononi.

Mwezi uliofuata Bwana Torquil alipanda ngazi hizi.

"Wewe ndiye daktari wa barua?"

"Ndimi, bwana."

"Unaandika kwa mkono upi?"

Marehemu hakujua kusema uongo. Aliuinua wa kulia. Bwana Torquil aliubana mezani akauponda kwa kitako cha bastola, pigo juu ya pigo, wino na damu vikaruka mpaka darini. Grizel alimrukia mgongoni akamng'ata shingo. Euphan alimtwanga kwa koleo la moto, sikio la kushoto likakatika nusu. Hakugeuka. Alipochoka aliketi sakafuni, pale pale pa wagonjwa, akalia kama mtoto.

"Mfungeni sikio kwanza," alisema marehemu.

"Ajifunge mwenyewe, mbwa huyu," alisema Euphan. Na hakufungwa.

Tangu hapo Grizel, aliyejifunza herufi ukubwani, ndiye aliyekuwa mkono wake. Kila barua ilianza kwa maneno mamoja, kabla hata ya salamu: Kama mgonjwa amebadilika, choma barua hii. Madaktari wenzake walimcheka. "Dalgairns siku hizi anauza kuni!" Marehemu aliendelea.

Oktoba 1766 Glenorra waliandika tena. Safari hii ni binti, Lilias, ana homa kama ya mama yake. Grizel aliweka kalamu chini.

"Andika, dada."

"Siandiki. Aje mwenyewe, nimng'ate upande wa pili."

Marehemu hakubishana. Aliishika kalamu kwa mkono uliopondwa, akaandika neno moja, ngozi ikapasuka na kipande cha mfupa kikatokeza, damu ikalowesha karatasi. Dada akamnyang'anya kalamu akaandika yote, akimtukana Bwana Torquil kila mstari, kwa mdomo tu. Jibu halikuja. Miaka yote iliyofuata, kila mleta barua alipobisha hodi, marehemu aliuliza, "Hakuna la Glenorra?" Hakuna.

Mkono haukupona. Mwezi uliopita uligeuka mweusi hadi kiwikoni. Tarehe 28 Februari mpasuaji aliukata kwa msumeno, wanaume wanne wakimshika, naye akavunja mguu wa meza kwa teke. Homa ilipopanda alimwambia dada amwandikie rafiki yake daktari wa Aberdeen. "Jibu likichelewa, unajua la kufanya." Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 3 Machi 1774. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Glenorra?" Jibu la Aberdeen lilifika jana. Grizel alilitia motoni bila kuvunja lakiri.

Ameacha mjane, Euphan, watoto, Marjory wa Dundee na Dand aliyeko baharini, wajukuu watatu, na dada.

Na leo asubuhi alipanda ngazi mzee mwenye nusu sikio. Euphan akaenda kuchukua koleo. Grizel akamzuia, akauliza jambo moja tu.

"Lilias?"

"Barua ilipofika alikuwa uani anafukuza mabata," alisema Bwana Torquil. "Nikaichoma, mama. Kama ilivyosema. Ana watoto sasa. Sikujua nimwandikie nini yule mtu."

"Ungeandika: yu hai. Maneno mawili! Miaka saba na zaidi alikuwa anayangoja."

Bwana Torquil aliomba kushika kamba moja ya kuteremshia jeneza. Kamba ni za ndugu na marafiki, naye si mmojawapo. Hata hivyo Grizel ameamua, na asimbishie mtu: ashike ya upande wa kulia, pale ulipopungua mkono, aone uzito wake mpaka chini. Na jeneza likifika, kabla ya udongo, aseme kwa sauti yale maneno mawili.

Alale salama Hew wetu, na mkono usimuume tena.